Faini za Nazareno

Gari la kuanzia uwanjani halichaguliwi kwa mbio zake. Nimewaambia hivyo vijana wengi hapa Rivadavia, na wengi hawakunisikia, wakaenda kununua magari yenye nguvu kuliko akili zao. Chukua gari jepesi, la bei ya chini, lenye injini ndogo na spea zinazopatikana kila kona. Tazama kutu kwanza, injini baadaye, maana injini unaweza kununua nyingine lakini sakafu iliyooza utaifanyia nini? Na usichukue gari ambalo utalilia ukiligonga, kwa sababu utaligonga.

Naitwa Delfor Pelaytay. Nimelala chini ya magari ya watu miaka thelathini na sita, na ulimi wangu ni mkali, mke wangu atakwambia. Binti yangu Ailén aliponijia mwezi wa nane, akasema, "Baba, nataka kuingia Zonda," nilikuwa nimeshamkatalia miaka mitano mfululizo. Zonda ni uwanja wetu wa mbio, uko ndani ya korongo, miamba huku na huku. Jumapili ya kwanza ya mwezi klabu inawafungulia wanaojifunza: unavaa helmeti, unazunguka dakika ishirini, hushindani na mtu. Safari hii nikakubali. Mtoto wa kwanza niliyemkatalia nilimzika.

Huyo ni Nazareno, kaka yake. Alikuwa na Fiat 147 nyeupe tuliyoijenga pamoja uani kwetu, mimi na yeye. Ndani nilimchomelea kizimba cha mabomba ya chuma ili likipinduka paa lisimshukie. Lakini badala ya kulipeleka uwanjani, akawa anashindana na wehu wenzake barabarani. Siku trafiki waliponipigia simu, nikamwambia, "Chagua: gari au nyumba hii." Akachagua nyumba. Akaliuza wiki ileile. Miezi miwili baadaye alipanda gari la rafiki yake, kiti cha abiria, gari lisilo na bomba hata moja, na hakurudi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Gari nililomnyang'anya ndilo ambalo lingemrudisha nyumbani. Ni miaka tisa sasa, na majuto ni mjukuu kweli, yanakuja kukaa na wewe uzeeni.

Kwetu gari likiuzwa, muuzaji anatia saini fomu, anamkabidhi mnunuzi fomu na kadi ya gari, na mambo yamekwisha. Kubadilisha jina ni kazi ya mnunuzi, naye atabadilisha kesho. Kesho inamkuta ameshamuuzia mwingine, kwa fomu ileile iliyokunjwa mara nne. Ndivyo gari la Nazareno lilivyoendelea kutembea kwa jina la Nazareno. Na kila kamera ya barabarani ilipolipiga picha, faini ilikuja kwetu. Ya kwanza ilifika miezi saba baada ya mazishi. Bwana Nazareno Pelaytay, ilisema, umeonekana Caucete ukiendesha kilomita mia na kumi na mbili kwa saa.

Nilivaa kofia niende ofisini kwao kuwaambia ukweli. Olinda, mke wangu, akaninyang'anya karatasi.

"Iache," akasema. "Yuko Caucete."

Nikavua kofia. Nilisoma mbili tu. Baada ya hapo nilikuwa nikizitoa kwenye sanduku la barua nampelekea zikiwa zimefungwa, naye anazisoma peke yake mezani, kisha anazitia kwenye kabati la vyombo, chini ya picha ya kijana wetu. Siku barua ilipofika, Olinda alikula. Kuna mwaka zilikatika miezi mitano, akawa anashinda getini akimsubiri mtu wa posta, amevaa sweta la Nazareno, mikono imebaki mifupa. Kisha zikaanza tena, na yeye akaanza tena kula. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nami ni mzazi, nikanyamaza.

Basi tukaanza kutafuta gari. La kwanza lilikuwa kwa dalali wa Chimbas, la kijani, linang'aa mno kwa umri wake.

"Mzee, hili lilikuwa la mwalimu wa kike," dalali akasema. "Kanisani na kurudi, basi."

Nikatoa sumaku yangu niliyoizungushia kitambaa, nikaibandika mlangoni. Ikaanguka. Nikaibandika juu ya gurudumu la nyuma. Ikaanguka. Chini ya rangi palikuwa na puti ya kutosha kujengea banda la kuku.

"Huyo mwalimu," nikamwuliza, "kanisani alikuwa anaingilia ukutani?"

La pili lilikuwa la kijana mmoja wa Rawson, limeshushwa chini, egzosi kubwa kama bomba la mtaro. Nikaona macho ya Ailén yanawaka, nikajua hapa kuna hatari.

"Linakwenda hili, mzee wangu! Acha kabisa!"

"Naona linakwenda. Linasimama?"

Nikakanyaga pedali ya breki. Ikaenda mpaka sakafuni, ikabaki hukohuko.

"Breki ni kitu kidogo tu hicho, mzee," kijana akasema.

"Waambie hivyo wazazi wako," nikamjibu. Ailén akanivuta mkono tukaondoka. Njiani akanikemea, kwamba watu wanajitafutia riziki na mimi nawatukana. Ni mpole, huyu binti. Anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala karibu na chuo kikuu, na anaendesha gari kama amebeba mayai.

La tatu tuliliona kwenye tangazo lisilo na picha: gari dogo jeupe, limetengenezwa kwa uwanja, bovu la giaboksi, bei ya kutupa. Rahisi ghali, nikasema, lakini tukaenda. Mwenyewe alikuwa Don Rosendo Balmaceda, mkulima wa vitunguu kule Pocito, mjane, mfupi, mwenye adabu. Siku ile ulikuwa ukivuma upepo wa zonda, ule wa moto unaoshuka milimani. Ukivuma, watu wanafunga madirisha, mbwa hawabweki, na wenye roho nyepesi wanasikia mambo. Don Rosendo akafungua banda, vumbi likatangulia kuingia, na nyuma ya magunia nikaliona gari limekaa juu ya magogo manne.

Sikulitambua mara moja. Magari meupe ya aina ile yamejaa nchi nzima. Nikawasha tochi, nikalala chini, nikagonga sakafu kwa bisibisi kama kawaida yangu. Ilikuwa nzima, hakuna kutu. Nikachungulia ndani, nikamulika pale mabomba ya kizimba yanapokutana na sakafu, nikaurudisha mwanga palepale mara ya pili. Fundi anajua mchomeleo wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Ile ilikuwa kazi yangu. Pembeni palikuwa na doa nilipojiunguza siku ile, Nazareno akanicheka mpaka akakaa chini.

Nikamulika chini ya usukani. Utepe mwekundu wa kuzuia kijicho ulikuwepo, umefifia, umefungwa fundo lile analofunga Olinda kwenye mifuko ya unga.

"Mbona kiti kiko nyuma hivi?" Ailén akauliza. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Wewe Don Rosendo miguu inafika?"

"Aa, hicho! Nikikisogeza mbele, kesho nakikuta kimerudi. Reli imekwisha, binti. Au panya."

Nazareno alikuwa mrefu.

"Kadi ipo?" nikauliza.

"Kadi ipo, fomu ipo, saini ipo. Jina si langu, usijali, mimi mwenyewe nilipewa hivyo hivyo." Akasoma akiweka karatasi mbali na macho. "Pelaytay fulani. Simjui. Mpaka leo hajanisumbua."

Upepo ukagonga bati la banda. Nikamwuliza gari limesimama tangu lini.

"Tangu giaboksi ilipokufa. Miaka mitano iliyopita, mwezi wa tatu. Nakumbuka kwa sababu marehemu mke wangu alikuwa bado yupo, alinitukana vizuri sana siku hiyo."

"Na tangu hapo halijatoka? Hata mara moja?"

"Litatokaje, bwana? Magurudumu niliyauza mwaka uleule."

Mwezi wa sita mwaka huu, baridi kali, nilitoa kwenye sanduku la barua faini ya Nazareno kwa mkono wangu huu. Na kabla ya hiyo nyingine, na nyingine, miaka mitano. Nilimtazama Ailén. Alikuwa ameshatoka nje, amesimama kwenye upepo bila kofia, nywele zimemfunika uso. Nikadhani anaogopa kile ninachokiogopa mimi.

Nilimwambia Don Rosendo nitafikiri. Tukaanza kurudi nyumbani. Tulipopita kibanda cha Gauchito Gil, mtakatifu anayeombwa na madereva, kando ya barabara, penye vitambaa vyekundu, nilipiga honi mara tatu. Mimi, ambaye kila siku nawacheka madereva wanaopiga honi pale.

Kesho yake upepo ulikuwa bado unavuma. Baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo mji mzima umelala na barabara haina hata paka, Olinda alikuwa chumbani amejilaza. Nikafungua kabati la vyombo. Sikuwahi kuligusa. Nikachukua barua ya mwisho, iliyolala peke yake chini ya picha, nikaisoma nimesimama. Bwana Nazareno Pelaytay, tarehe kumi na nne mwezi wa sita, saa tisa alasiri, umeonekana barabara ya Pocito, kilomita sitini na nne kwa saa.

Pocito. Mwendo wa pole, barabara inayopita mbele ya banda la vitunguu. Nikairudisha barua, vikombe vikagongana. Na hapo nikasikia injini ndogo ikipita nje, ile sauti ya kukwaruza kidogo kwenye gia ya pili ambayo sikuwahi kuimaliza. Nikakimbia mpaka getini. Barabara ilikuwa tupu, majani yanazunguka. Niliogopa. Mzee wa miaka sitini, nimeshika geti kwa mikono miwili, na nilikuwa nikiomba vitu viwili kwa pamoja: asiwe yeye, na awe yeye.

Siku tatu sikufanya kazi ya maana. Niliwaza anazunguka huko peke yake, bila magurudumu, kwa sababu baba yake alimwambia achague. Siku ya nne Ailén akaja gereji na simu mkononi.

"Baba, Don Rosendo anataka jibu."

"Mwambie hatulitaki."

"Baba! Umesema mwenyewe: jepesi, bei ndogo, halina kutu, lina kizimba. Giaboksi unayo ile kule kwenye rafu. Umelijenga wewe. Mimi nikiingia uwanjani, nataka kukaa ndani ya mabomba yale, si mengine."

"Hatulinunui, mwanangu."

"Sababu?"

"Kaka yako bado analitumia."

Simu aliyokuwa ameishika ikaanguka. Nikamweleza yote, barua ya mwezi wa sita, Pocito, sauti niliyoisikia. Sikuona haya. Nikamwambia mtu aliyefukuzwa kwenye gari lake ana haki ya kulirudia, na sisi tusimwingilie. Ailén akakaa juu ya tairi akajifunika uso.

"Ni mimi, baba."

"Wewe nini?"

"Barua. Mimi ndiye nazitengeneza. Pale dukani. Zilipokatika ile miezi mitano, mama alikuwa anakufa pale getini, wewe ulikuwa unaona na mimi nilikuwa naona. Nikachukua ya zamani nikaipiga nakala, nikabadilisha tarehe na mahali, nikaitia kwenye sanduku letu. Moja tu, nilisema. Halafu akala. Nikaandika nyingine." Alikuwa akilia kwa sauti sasa. "Miaka mitano, baba. Kila nikiandika jina lake mkono unakufa ganzi."

Nilikaa kwenye tairi la pili. Nikamwuliza kwa nini Pocito.

"Sijui. Nilikuwa nachagua tu, leo huku, kesho kule. Pocito ilinijia."

Hilo sijalipatia jibu mpaka leo, na ile injini ya mchana pia. Nimeyaacha hapo.

Lakini tatizo lilikuwa bado lipo. Klabu ya Zonda inataka kadi iwe kwa jina la anayeendesha, au barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye gari, na mwenye gari yuko makaburini. Tukilinunua, jina lazima libadilishwe. Jina likibadilishwa, barua zimekwisha, na Olinda tulishamwona anavyokuwa zikikatika. Nikasema tununue kimya kimya, Ailén aendelee kuandika. Nilijisikia mwerevu.

"Hapana," Ailén akasema. "Mimi siandiki tena. Sipandi gari lake huku nampa mama karatasi za uongo. Afadhali nisiendeshe kabisa."

Mficha uchi hazai. Jioni ileile tukaingia jikoni. Olinda alikuwa anakanda unga wa semita, mikate yetu ya mafuta, na alipotuona wawili tumesimama mlangoni kama wezi wa kuku, akaacha kukanda.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna, mama," Ailén akasema. "Mama, zile barua za Nazareno..."

 Olinda akamtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole. Akaenda kwenye kabati, akatoa vyombo, akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa. Akaweka mezani mafungu mawili. Moja lilikuwa limefungwa kwa utepe mwekundu. La pili lilikuwa limefungwa kwa utepe wa bluu, ule Ailén aliofungia nywele alipokuwa shule ya msingi, na lilikuwa nene zaidi.

"Hizi ni zake," akasema, akigusa fungu jekundu. "Na hizi ni zako."

Ailén akashika kiti.

"Ulijua?"

"Mimi si kichaa, mwanangu. Nilimvalisha shati mwenyewe, najua alipo. Zile za kwanza zote mia na kumi, mia na thelathini. Walioshika gari lile baada yake walikuwa wehu kama yeye. Halafu ghafla moja inakuja, sitini na mbili. Nyingine, sitini na nne. Nikacheka peke yangu hapa mezani. Nikasema, huyu anaogopa kukimbia hata kwenye karatasi. Huyu ni mtoto wangu wa pili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeendelea kuniandikia?"

Mimi nikaona niseme kitu, nikasema habari ya gari, kwamba tumelipata, lipo Pocito, kizimba ni kizima, utepe wake upo. Olinda akakaa. Alilia wakati huo, si kabla, na alilia kwa sauti, na Ailén akamshika, na mimi nilisimama pale nikishika kofia sijui niiweke wapi. Unga ulikauka juu ya meza. Hatimaye akauliza kama sakafu ina kutu.

"Haina," nikasema.

"Basi linunueni. Mnasubiri nini?"

Tulilivuta mpaka nyumbani, na nililifungia ile giaboksi ya kwenye rafu. Ailén alisogeza kiti mbele, nikakibana kwa boliti mpya. Mpaka leo hakijarudi nyuma, na kuna siku nakwenda kukitazama. Karani wa ofisi ya magari aligonga muhuri bila kuinua macho, na jina la Nazareno likatoka kwenye kadi. Nilidhani nitasikia kitu. Nilisikia tu watu wakikohoa kwenye foleni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja tulikwenda Zonda. Olinda hakuwa amefika kule tangu kijana afe. Alikaa kwenye ngazi za mawe na chupa ya maji ya moto na kikombe chake cha mate, ile chai yetu chungu ya majani, lakini hakunywa. Ailén alizunguka dakika zake ishirini. Mizunguko ya kwanza kila mtu alimpita, hata bwana mmoja mnene mwenye gari la familia, nikawa natukana chini chini. Kisha akaanza kuchelewa kidogo kukanyaga breki kabla ya kona, na kwenye ile sehemu iliyonyooka nikasikia injini inalia mpaka mwisho, mwamba ukairudisha sauti, na kwa sekunde moja yalikuwa kama magari mawili. Olinda alinishika mkono akaniumiza.

Aliporudi, akazima gari, akatoka kwa shida kati ya mabomba, jasho linamtiririka, anacheka kama mtu aliyeiba. Olinda alishuka ngazi akamjazia kikombe, akamngoja akinywe chote.

"Ulifika ngapi pale panaponyooka?"

"Mia na kumi na nane, mama." Akainamisha kichwa. "Samahani."

Olinda akaweka mkono juu ya paa jeupe la gari.

"Usiku huu ukifika nyumbani, niandikie faini moja," akasema. "Jina weka lako. Na mwendo usipunguze."